Mifumo Haisomani kwa Agizo, Husomana kwa Zabuni

Kila mwaka wa fedha tunasikia agizo lilelile majukwaani: mifumo ya Serikali isomane. Maafisa huandika madaftarini, wasikilizaji hupiga makofi, na mwaka unaofuata agizo hurudiwa. Nadai kwamba tunatafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa. Kabla programu hazijashindwa kusomana, vifaa vimekwisha kushindwa: swichi zinazounganisha seva na makabati ya diski yanayotunza mishahara, hati za ardhi na majalada ya wagonjwa. Hapo ndipo taasisi hufungwa, na kufuli hutiwa siku ya zabuni.

Naandika nikiwa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, katika nchi iliyojua mapema thamani ya kipimo cha pamoja. Misafara iliyopita Tabora kwenda Ujiji ilipima pembe kwa frasila, na mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, takriban kilo 32. Mpagazi mmoja akiugua, mwingine aliutwaa mzigo na safari ikaendelea. Nchi hii ilijua pia nguvu ya anayeshika njia. Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya magharibi katika miaka ya 1870, matajiri wa Tabora walitambua kwamba mali yenye njia moja tu ni mateka.

Somo hilo hatukulishika. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 ikiwa na upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina upana wa milimita 1,067. Kwa tofauti ya milimita 67, mabehewa ya reli moja hayapiti katika nyingine, na pale Kidatu zinapokutana ikabidi kiwepo kituo cha kuhamishia mizigo. Gharama ya namna hiyo haionekani siku ya kutia saini. Hulipwa na wajukuu.

Sasa tuwatazame wauzaji. Katika swichi za Faiba Chaneli, teknolojia iliyozoeleka katika vituo vikubwa vya data, soko limebaki na majina mawili makubwa: Brocade na Cisco. Brocade iliimeza McDATA mwaka 2007, nayo ikamezwa na Broadcom mwaka 2017. Wote wawili hudai kufuata viwango vilevile. Lakini ukitaka swichi zao ziungane kama mtandao mmoja, kwa kawaida hulazimika kuzima baadhi ya uwezo uliokuvutia kununua, na katika matoleo mapya Brocade imeziondoa hata njia za zamani za kuungana hivyo. Isitoshe, swichi za Brocade huuzwa pia kwa chapa za Dell, HPE na IBM. Kamati ya tathmini inaweza kudhani imeshindanisha wazabuni watatu, kumbe imepewa kisanduku kimoja chenye lebo tatu.

Mwenye hisa katika kampuni hizo ana sababu ya kufurahi, maana mteja asiyeweza kuhama hulipa leseni na matengenezo mwaka hadi mwaka. Lakini mwananchi naye ni mwekezaji, na hisa yake ni kodi. Faida ya yule wa kwanza ndiyo hasara ya huyu wa pili. Malipo hayo ni hongo kwa maana yake ya kale: ushuru wa kupita katika njia, safari hii njia uliyoijenga kwa fedha zako mwenyewe.

Fundi atanijibu kwamba Faiba Chaneli ni imara, na kwamba muuzaji mmoja hurahisisha kazi, kwani pakiharibika unajua wa kumpigia simu. Ni kweli, na wapo wanaostahili kuigharimia. Lakini iSCSI, iliyopata kiwango cha wazi mwaka 2004, hupitia swichi za kawaida za Ithaneti zinazotengenezwa na kampuni nyingi. Kwa kazi nyingi za halmashauri, hiyo yatosha.

Wala tusiambiwe kuwa washindani hawawezi kuunganishwa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walianza kuruhusu wateja wao kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mtandao na mtandao. Vodacom ikaungana nao mwaka 2016. Hakuna biashara iliyokufa.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 tunayo, na Mamlaka ya kuisimamia tunayo. Kinachokosekana ni masharti matatu katika nyaraka za zabuni. Kwanza, vitajwe viwango, lisitajwe jina la kampuni. Pili, kifaa kijaribiwe pamoja na kifaa cha mtengenezaji mwingine kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Tatu, kila mzabuni aandike bei ya kuondoka: itagharimu kiasi gani, mwaka wa tano, kuhamishia data kwa mshindani wake.

Mtumishi wa umma unayesoma haya, sharti la tatu halihitaji kusubiri waziri. Lianzishe katika rasimu iliyo mezani kwako. Mwanaharakati, uliza bei hiyo ilikuwa ngapi. Mzabuni asiyeweza kuitaja amekwisha kukueleza jinsi anavyokusudia kukutendea.