Ulimlilia Ellie

Uliitazama ile katuni ya Up ya 2009 na watoto, na Ellie alipofariki ukalia. Usione aibu, Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro.

Carl, mumewe, aliinua nyumba nzima kwa baluni akidhani bado ana deni la safari aliyomwahidi. Kumbe zile kurasa alizodhani ni tupu, Ellie alishazijaza picha za ndoa yao na kumwandikia asante.

Mama mjane, unayejilaumu usiku kwa sababu ya ile hospitali ya India ambayo hamkufika, pengine mzee aliondoka hakudai kitu.

Na wewe uliyelilia katuni, mama huyu mnakaa naye benchi moja. Tangu matanga, umempigia simu?