Mazungumuzo ya Nyumbani: Panya Mweupe Mwenye Kivimbe



Mwezi huu sitasema juu ya ndoa wala juu ya pesa ya shimo. Nitasema juu ya panya. Musicheke kwanza, ngojeni mwisho.

Jioni moja hapa Kisangani, huku kwetu Mangobo, mutoto mwanamuke wa miaka 12 alikuja kwangu na kikapo. Ndani mulikuwa panya mweupe, jike, wale wa kufugwa wenye macho mekundu. Alipewa na mujomba wake, akamulea karibu miaka 2.

"Papa Pasta, iko na kitu kwa tumbo. Mbele ilikuwa kama ngazi moja. Sasa iko sawa limau."

Nikamuuliza nyumbani wanasema nini. Yaya yake alitaka kukata kile kitu na wembe. Koko yake alisema ni mutu amerusha kitu kwa nyumba. Papa yake alisema panya ni panya, mumutupe mutoni. Na mama? "Mama ananyamaza tu."

Sikuwa na jibu. Kwenye shule ya Biblia hawakutufundisha magonjwa ya panya. Kesho yake tulienda kwa munganga wa wanyama, mimi, mutoto na mama yake. Aliyotueleza ninayaandika hapa, kwa sababu najua hata huko kwenye kambi za dhahabu na almasi vijana wanafuga panya, sungura na kobayi.

Kivimbe kinatoka wapi?

Panya mweupe anaishi miaka 2 ao 3 tu. Akipita mwaka mumoja na nusu, ni muzee. Kwa panya jike, vivimbe vya maziwa vinatokea sana. Nyama ya maziwa yake haikai kwa kifua peke yake, inaanzia shingoni mpaka kwenye mapaja. Ndiyo maana kivimbe kinaweza kuota chini ya kwapa, ubavuni, hata karibu na mukia.

Vingi ni vya namna isiyotawanyika mwilini. Ukivigusa vinateleza chini ya ngozi, na haviumi. Lakini vinakua upesi, mpaka panya anashindwa kutembea na ngozi inapasuka. Vichache ni vibaya kabisa, vinaingia katika mwili na kufika hata kwa mapafu. Kwa macho tu hakuna anayeweza kuvitenganisha.

Tena, si kila uvimbe ni kivimbe cha namna hiyo. Jipu linakuja kwa siku chache, mara nyingi kisha kuumwa na mwenzake. Lina moto, linauma, lina usaha. Kobayi mwenye uvimbe chini ya shingo, mara nyingi ni usaha wa mikrobi iliyoingia pale majani makavu yalipomuumiza kinywani. Huyo mumutenge, kwa sababu anaambukiza kobayi wengine.

Mambo ya kukataa

Wembe, hapana. Panya wa gramu 300 ana damu karibu mililita 20, ni kama vijiko 4 vya chai. Ukimukata nyumbani, damu hiyo inaisha mbele hujapata kitambaa.

Asidi ya batri ao merkiri ya kuoshea dhahabu, hapana kabisa. Merkiri ni sumu kwa munyama na kwa mutoto anayemushika.

Dawa za watu, musijaribu. Kobayi akimezeshwa ampicilini anaweza kufa, kwa sababu dawa hiyo inaharibu tumbo lake.

Na musitafute mutu wa kushitaki. Kivimbe hiki ni ugonjwa wa mwili, hakikutumwa na jirani wala na mutoto wa nyumba. Tunajua hapa kwetu maneno kama yale ya koko yanafikisha watoto wapi: barabarani, bila nyumba. Kivimbe hakiambukizi watu pia. Ila meno ya panya na mukojo wake vinaweza kuleta magonjwa mengine, basi nawa mikono kila mara.

Mambo ya kufanya

Mara moja kwa juma, wakati wa kucheza naye, pitisha vidole polepole chini ya kwapa, tumboni na mapajani. Ukikuta kitu, andika siku na kipimo chake: kama punje ya muhindi, kama ngazi. Musimuneneshe na mafuta na sukari. Upelekeni upesi. Kivimbe kidogo kinatolewa vizuri zaidi, panya akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Lakini kingine kinaweza kuota kisha, musidanganyike.

Panya wetu wa Mangobo alikuwa muzee, pumzi yake mubaya. Munganga alisema kumupasua ni kumuua. Basi mutoto alimutandikia kitambaa laini, akamuwekea chakula na maji karibu. Siku aliposhindwa kula, munganga alimumaliza bila maumivu. Mutoto alilia. Sikumukataza.

Papa, ninarudi kwa neno lako, "panya ni panya". Pale Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika APOPO linafundisha panya wakubwa, ndugu za motomba wetu wa pori, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mumoja wao, Magawa, alitumwa Kambodia, akaonyesha mabomu na vyombo vingine vya kulipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa medali ya zahabu, na alikufa mwaka 2022. Panya wale wanapimwa afya yao kwa ratiba. Kumbe mukono unaomuchunga panya haupotezi heshima yake.

Sasa mwisho niliowaomba mungoje. Siku ile kwa munganga wa wanyama, mama aliyenyamaza nyumbani alifungua kinywa mara moja tu: "Na kwa mutu, iko vile vile?" Munganga alijibu: "Mama, kwa mutu usipime na panya. Enda lopitali." Juma moja kisha, alimwambia bibi yangu kwamba yeye pia alikuwa na kitu kwa ziwa, tangu miezi mingi. Hakikuuma, basi alikificha. Aliogopa maneno ya koko, aliogopa pesa, aliogopa bwana yake. Bibi yangu alimusindikiza. Yaliyofuata ni yake, si ya gazeti.

Mama zangu, na ninyi mabinti, vivimbe vingi vya ziwa si kansa. Lakini kutouma si alama ya uzima. Kivimbe kipya, ngozi inayojikunja, damu kwenye chuchu, uvimbe chini ya kwapa, vyote vinaomba munganga. Na ninyi mabwana, mukiambiwa habari hiyo, musiulize kwanza bei wala nani amerusha. Ulizeni tunaenda siku gani.

Mutoto wa miaka 12 aliona kitu kwa panya wake, akakiweka ndani ya kikapo, akatembea nacho mbele ya watu wote. Sisi wakubwa tunakifunika na kikwembe.

Muchungaji wenu, Kisangani