Fenesi la Nateete na moyo wa nyota

Mnunuzi mzoefu katika soko la Nateete, Lubaga, halipii fenesi kabla ya kuligonga na kusikiliza. Sauti nzito, limeiva. Sauti kavu, bado. Wanaanga nao hujua ya ndani ya nyota kwa njia kama hiyo, ila nyota haisubiri kugongwa. Hutetema yenyewe, na mtetemo wake huonekana katika mwanga unaozidi na kupungua kidogo sana.

Nyota inapozunguka, mawimbi yanayofuata mzunguko huonekana kutoka huku yakitetema haraka kidogo kuliko yanayoupinga, kama mitumbwi miwili mtoni, mmoja ukishuka na mkondo, mwingine ukipanda. Tofauti hiyo ndiyo inayotaja kasi ya mzunguko, na yako mawimbi yanayozama hadi moyoni. Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha kazi iliyoongozwa na Paul Beck wa Leuven, Ubelgiji, kwa vipimo vya chombo cha angani Kepler: katika nyota nyekundu zilizozeeka, moyo huzunguka angalau mara 10 zaidi ya uso. Ajabu ni kwamba mahesabu yalitaka ukimbie zaidi ya hapo. Kuna breki humo ndani, na mpaka leo haijafahamika vizuri.

Mfanyabiashara atauliza hayo yanaingiaje kwenye mzigo wake. Swali la haki. Basi aitazame barabara. Malori yanayotoka Busega, humo humo Lubaga, kwenda Katuna hupita Mbarara, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia wameshirikiana na wenzao wa India na Ubelgiji kuchunguza nyota, zikiwemo zinazotetema. Vipimo vya Kepler, na vya TESS iliyorushwa 2018, viko wazi kwa kila mtu. Havilipiwi ushuru wala havipangi foleni mpakani. Kinachohitajika ni watu wa kuvisoma, nao husomeshwa miaka kadhaa kabla ya kutoa jibu hata moja.

Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki iko Kigali, barabara hiyo hiyo ikishavuka Katuna. Iwalipie vijana wa Goma, Bujumbura na Mwanza wakasomee Mbarara. Anayelipa kodi pande mbili za mpaka ana haki ya kulidai hilo, hasa kama binti yake ni hodari wa hesabu na nyumbani anaambiwa asome kitu chenye duka.