Samaki Mkubwa kwa Rodi Ndogo Si Ushujaa

Wasee, kuna kitu nilikata kwenye video yangu ya Kilifi, na leo nakisema.

Nilishuka Pwani na rodi yangu ya kuvulia kwa nzi bandia, namba 5, ile nabebanga kwenda mito ya Mlima Kenya kuvua trauti. Kwenye mkono wa bahari nikanasa kolekole wa kama kilo nne. Tulivutana karibu nusu saa. Rodi imepinda kama upinde, mimi napiga kelele, beshte yangu anarekodi. Video ikabamba, nikaitwa shujaa.

Nilichokata ni mwisho. Nilimwachilia, akalala ubavu, akageuka tumbo juu, akazama. Nahodha wetu, mzee wa huko, akatazama maji akasema, "Mwanangu, bora ungemla. Huyu umemuua bure."

Msimamo wangu sasa ni huu: kumfuata samaki mkubwa na rodi nyepesi ili upate kiki ni ukatili, hata kama unamwachilia.

Wengi hudhani namba ya rodi ni uzito wa samaki, ama wa rodi yenyewe. Zii. Ni uzito wa mshipi ambao rodi imeundwa kurusha. Nzi bandia ni manyoya na uzi tu, hawezi kufika mbali peke yake. Mshipi ndio unarushwa, na ndio unambeba. Futi 30 za kwanza za mshipi namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi. Namba 8 ni karibu 14, na namba 12 ni karibu 25.

Kwa hivyo anza kwa kujiuliza: nzi wangu ni mkubwa aje, na upepo ukoje? Samaki wakubwa hupenda mlo mkubwa. Nzi wa urefu wa kidole, amelowa maji, ukimrusha na mshipi mwepesi kusi ikivuma, anarudi kwa sikio lako. Mimi yamenipata.

Halafu uliza: naweza kumgeuza huyu samaki kabla hajaisha nguvu? Rodi nzito ni ngumu kule chini karibu na mkono, na hapo ndipo nguvu ya kumwinua hutoka. Nyepesi inapinda tu huku yeye anazidi kukimbia. Maji ya Pwani yana joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Samaki aliyepigana sana anaweza kuogelea aende zake, halafu afe baadaye ukiwa ushaanza kuedit.

Najua kuna mtu atasema, "Basi nanunua 12 nimalize maneno." Pole pole. Kurusha 12 kutwa nzima kutakumaliza bega, na kwa trauti mshipi wake unaanguka majini kama kofi, samaki wote wanatoroka. Mimi napanga hivi: namba 5 kwa trauti, 8 kwa samaki wa kilo moja hadi tatu kwenye maji ya kina kifupi, 10 kwa kolekole wa kati na mbuta wa Ziwa Victoria, 12 kwenda juu kwa kolekole wakubwa na sulisuli. Ukiwa na pesa ya rodi moja tu ya samaki wakubwa, chukua 10, na mshipi uwe 10 pia.

Najua doo ni shida. Mimi niliacha chuo, sina mzazi wa kunitumia. Niliuza kamera yangu ya zamani nikapata namba 10 ya mtumba. Juzi nikarudi Kilifi, nikanasa kolekole wa saizi ileile. Dakika saba hivi, kwisha. Nikamshika mkia kwenye maji kidogo, akanipiga maji usoni, akaenda.

Video hiyo haikubamba. Lakini hiyo sikukata chochote.