Nani Anayeupa Ugonjwa Jina?

Maradhi ya akili hayaonekani kwa darubini kama vijidudu vya malaria. Tabibu husikiliza maneno ya mgonjwa, hutazama mwenendo wake, kisha huyapa hayo jina. Maadamu maneno na mwenendo hulelewa na utamaduni, anayetoa jina ana mamlaka makubwa, na wakazi wa Nyeri na miji mingine ya Mlima Kenya waliwahi kuyaonja machungu yake.

Daktari J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilitoa ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Wagikuyu, alidai, walikuwa wamepoteza mila zao bila kupata nyingine za kuwashikilia, ndipo wakajawa na wasiwasi na shuku. Kilio cha ardhi kikageuzwa dalili! Aliunga mkono pia mpango wa vijiji vya lazima, ambamo watu zaidi ya milioni moja walikusanywa.

Carothers huyohuyo alishikilia kwamba sonona ni adimu miongoni mwa Waafrika. Lakini ni nani waliofikishwa Mathari? Aghalabu ni wale waliozua vurugu. Mjane aliyenyamaza jikoni mwake hakuhesabiwa na yeyote.

Kwa hiyo wanaodai leo kwamba utamaduni pekee utatosha, wajihadhari: Carothers naye aliutaja utamaduni kila mara. Wagikuyu walikuwa na dhana ya thahu, yaani unajisi unaomdhoofisha mtu hadi atakaswe na mundu mugo. Thahu si sonona, wala haifai kubezwa kuwa ushirikina mtupu. Huuliza ni nini kimeharibika baina ya mtu na jamaa zake, swali ambalo fomu ya zahanati hulisahau. Hata hivyo, haiulizi iwapo mgonjwa anawaza kujiua. Muuguzi anahitaji maswali yote mawili.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliitambua kufungisisa ya Washona wa Zimbabwe, yaani kufikiri kupita kiasi, na ukaweka maswali ya kumwezesha mgonjwa kuutaja mwenyewe ugonjwa wake. Mzee wa Othaya asemaye "nina mawazo mengi" yu karibu sana na Mshona huyo. Kiswahili, kwa upande wake, bado kinayumba: "msongo wa mawazo" hubebeshwa uchovu wa siku moja na maradhi ya miaka mingi.

Tena palikuwa na jina la tatu, nalo lilitoka kwa sheria. Hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu mnamo Januari 2025, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Aliyenusurika, akamweleza muuguzi ukweli, alikuwa amekiri uhalifu.