Kiingereza cha karatasi na Kiingereza cha mdomo

Leo nina neno na wewe uliye na mwanafunzi nyumbani, na zaidi na wewe mwanafunzi mwenyewe. Nasema na yule ambaye Kiingereza akijua akiwa na kalamu mkononi, lakini akiambiwa asimame mbele ya wenzake, ulimi wageuka jiwe.

Jioni moja muhula uliopita nilikuwa nimeketi barazani kwetu Kibokoni, kikombe cha kahawa mkononi, akapita binti wa jirani akitoka shule. Yuko Kidato cha Tatu. Siku zote hupita akicheka, lakini siku ile alipita kama aliyefiwa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Ami, leo nimefedheheka. Kizungu chanipa tabu muno."

Kisa chenyewe ni hiki. Mwalimu alikuwa amewataka wanafunzi watayarishe hotuba ya dakika tatu kwa Kiingereza. Binti alimwendea binamu yake aliye chuo kikuu, naye akamwandikia hotuba ya maneno mazito juu ya kompyuta na maendeleo ya dunia. Akaikariri usiku kucha kama mtu akaririye hesabu za kuzidisha. Aliposimama, sentensi ya kwanza ikatoka vizuri. Katika ya pili neno moja likamponyoka, na yote yaliyofuata yakaondoka nalo. Darasa likaangua kicheko. Akaketi, na akaapa hatafungua kinywa tena kwa lugha ile.

Babake alipopata habari, akatoa amri: "Kuanzia leo, nyumba hii ni Kizungu tu." Basi usiku ule wakala chakula bila mtu kusema neno. Nyanya, ambaye Kizungu hakijui, akauliza ni nani aliyefariki akafichwa habari.

Msomaji, nakusihi usimcheke binti huyu, wala usimlaumu babake. Mtoto huyu katika insha ya Kiingereza ni miongoni mwa wa kwanza darasani. Tatizo ni kwamba tumemfundisha Kiingereza cha karatasi tukadhani tumempa na cha mdomo. Utazame mtihani wetu wa KCSE. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza. Lakini mtahiniwa hazungumzi! Anaulizwa kwa maandishi jinsi angesimama, jinsi angetumia sauti na mikono, naye hujibu kwa maandishi. Mtoto aweza kuzipata alama zote 30 bila ya kufungua kinywa. Halafu amalizapo shule hukutana na meza ya watu watano wa kumhoji kazi, na hapo hapana karatasi.

Nilimwambia binti aweke mkoba kwao, aombe ruhusa kwa mamake, kisha tutembee kidogo. Tukashika njia hadi upande wa Ngome ya Yesu, karibu na makaburi ya ukoo wa Mazrui. Nikamuuliza kama amjua Profesa Ali Mazrui. Akasema amesikia jina. Nikamweleza, nami nakueleza wewe pia, kwa kuwa kisa hiki ni cha mji wetu wenyewe.

Ali Mazrui alizaliwa hapa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mtu wa kalamu, aliyetoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930. Sheikh alifariki mwaka 1947, Ali akiwa kijana wa miaka 14. Mitihani ya Cambridge ilipokuja, kijana hakufanya vizuri, alipata daraja la tatu. Makerere, ambayo ndiyo iliyokuwa tegemeo la elimu ya juu Afrika Mashariki siku zile, ikamkataa. Akaajiriwa kazi ndogo katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor.

Kwa karatasi, kijana yule alikuwa amekwisha. Lakini kuna kitu karatasi ilikuwa haijakipima. Mwenyewe amepata kusimulia kwamba Kiingereza alikifuata hasa kwa ajili ya kuingia katika midahalo. Alikuwa na hamu ya kusema na watu. Basi siku moja, katika sherehe za Maulidi, akasimama kutoa hotuba, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana akavutiwa naye, na njia ya kwenda kusoma Uingereza ikaanza kufunguka. Akaanzia Huddersfield, akapata shahada Manchester mwaka 1960, nyingine Columbia kule New York mwaka 1961, na udaktari wa falsafa Oxford mwaka 1966. Makerere ile ile iliyomkataa ikamfanya profesa. Mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC, na mwaka 1986 dunia ikamtazama katika runinga kwenye vipindi tisa juu ya Afrika. Alipofariki Marekani mwezi Oktoba 2014, alirudishwa akazikwa hapa hapa kwao.

"Sasa mimi ami, nina Gavana gani wa kunisikiliza?" akauliza binti.

"Huna Gavana," nikamjibu. "Una nyanyako. Tutaanza naye."

Nikamuuliza ni jambo gani alijualo yeye kuliko mwalimu wake. Akafikiri. Akasema, "Maji." Naam! Mkaazi wa Mji wa Kale asijue habari za maji? Mtoto huyu huamka kabla ya alfajiri siku ambazo mfereji hutoa tone. Siku ambazo hautoi, yeye ndiye asubiriye mkokoteni, ahesabuye mitungi, na kujua ni ya kuoga, ni ya kupikia. Kisimani hujua maji ni ya chumvi. Nikamwambia aitupe ile hotuba ya kompyuta. Mada yake ni maji.

Hapo, msomaji, ndipo kazi ilipoanza, na nataka uifuate hatua kwa hatua kwa sababu haikuhitaji pesa hata shilingi moja.

Wiki ya kwanza alisema dakika moja tu kila jioni, mbele ya nduguze wadogo na watoto wawili wa jirani. Nilimkataza kuandika sentensi nzima nzima. Alichukua kipande cha karatasi akaandika maneno manne: mfereji, mkokoteni, bei, nyanya. Kila neno likawa mlango wa kuingilia habari. Akisahau neno la Kiingereza, alilazimika kulizunguka kwa maneno mengine aliyo nayo. Siku moja alisahau jina la mkokoteni, akasema ni gari linalosukumwa na mtu kwa mikono yake. Watoto wakaelewa. Siku ile alijifunza kwamba neno likikimbia, hotuba haina haja ya kulifuata.

Wiki ya pili tukashughulika na sauti. Kiswahili chetu huweka mkazo pahali pamoja, katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakina adabu hiyo. Neno "photograph" mkazo uko mwanzo, "photographer" umehamia silabi ya pili, "photographic" umekwenda ya tatu. Mswahili asiyejua jambo hili huyatamka yote kwa mwendo mmoja, na msikilizaji humpotea. Tena maneno yetu huishia na irabu, ya kwao mengi huishia na konsonanti, na aliye na haraka huzimeza. Binti akajifunza kwenda polepole, amalize neno kabla ya kuingia jingine. Sikumtaka aige sauti ya Mwingereza. Mazrui mwenyewe alihutubia dunia nzima, na aliyemsikiliza alijua huyu ametoka pwani ya Afrika Mashariki. Haikumpunguzia kitu.

Wiki ya tatu tukamwita nyanya. Bibi huyu Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji. Binti akasimama mbele yake, akasema dakika tatu nzima kwa Kiingereza, kisha tukamuuliza bibi, "Umefahamu nini?" Akasema, "Pale mwanzo aliona uchungu. Kati alikuwa akihesabu kitu. Mwisho ametaka tumfanyie jambo, lakini ametazama chini, sijui alikuwa akimwambia nani." Msomaji, sijapata kuona mwalimu wa hotuba aliyeshinda bibi yule! Tangu siku ile binti akawa hamalizi hotuba macho yakiwa sakafuni.

Jambo jingine tulilolitengeneza ni mwanzo. Sisi tumelelewa kwamba mtu mwenye adabu hasemi shida yake kabla ya kuuliza hali, kushukuru, na kujishusha. Hiyo ni heshima, na barazani ni lazima. Lakini katika dakika tatu za mdahalo wa shule, salamu ikichukua dakika nzima, mada huwa imebaki mlangoni. Akabakisha salamu ya sentensi moja, kisha akaingia: leo asubuhi nimeamka saa kumi kutafuta maji. Watu hunyamaza wakisikia hivyo.

Siku ya mashindano ya mabweni ikafika, nami nikaalikwa pamoja na babake. Binti akasimama. Alieleza kwamba kisiwa chetu hakina mto, kwamba maji yake hutoka mbali, mengine Baricho kando ya Mto Sabaki, mengine chemchemi za Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200. Akaeleza ni nani alipaye maji ghali zaidi: si mwenye nyumba kubwa yenye mfereji, ni mnunuzi wa mtungi mmoja mmoja. Mahali pamoja alisimama kidogo. Nikamwona babake akishika ukingo wa kiti. Hakusema "aaa" wala "eee". Alinyamaza, akatazama kikaratasi, akaendelea.

Kisha likaja swali kutoka kwa kijana wa shule jirani: kwa nini watu wa Mji wa Kale wasinunue matangi makubwa wakaacha kulalamika? Swali hili hakulikariri wala hakulitarajia. Akafikiri, akajibu kwa Kiingereza chake mwenyewe: tangi huhifadhi maji, halileti maji. Alisema "don't" pahali pa "doesn't". Akalitambua kosa, akatabasamu, akasonga mbele. Ukumbi ukapiga makofi.

Hakushinda. Alikuwa wa tatu kati ya sita. Lakini niliyemwona pale siye yule aliyeapa kutofungua kinywa. Yule alikuwa amebeba maneno ya mtu mwingine na kuogopa yasimwanguke. Huyu alikuwa na jambo la kuwaambia watu, na lugha ilikuwa chombo tu. Hilo ndilo ninalotaka ubaki nalo, msomaji. Lugha ya pili hukua kinywani pale mtu anapokuwa na lake la kusema na mtu wa kumsikiliza.

Kwako mzazi, nina maneno mawili. Kwanza, usiigeuze nyumba iwe chumba cha mtihani. Mtoto apigwaye marufuku kusema lugha ya mamake hajifunzi Kiingereza, hujifunza kunyamaza. Wengi wetu twakumbuka kile kibao cha kuvishwa shingoni shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani. Waliokivaa sana hawakutoka wasemaji hodari, walitoka waoga. Pili, mpe mtoto dakika tatu za masikio yako. Huna haja ya kukijua Kiingereza. Nyanya hakijui, na ndiye aliyemsaidia kuliko sisi sote.

Kwako mwanafunzi, nakuachia haya. Chagua jambo ulijualo kwa macho yako. Andika maneno manne, usiandike kurasa nne. Sema kila siku, hata kama ni dakika moja. Ukikosea, rekebisha na uendelee, maana msikilizaji husahau kosa upesi kuliko wewe. Na kama wewe ni mgeni wa bara uliyekuja Mombasa na Kiswahili ndicho kikupacho taabu, dawa ni hiyo hiyo. Njoo barazani. Tutakucheka kidogo, kisha tutakupa kahawa na kukusikiliza. Mcheza kwao hutuzwa, lakini hata mgeni hutuzwa akicheza kwa moyo.

Na ile amri ya Kizungu tupu mezani? Babake aliiondoa mwenyewe usiku ule ule wa mashindano. Nasikia siku hizi wakila huzungumza lugha zote mbili kwa pamoja, na nyanya hulalamika kwamba nyumba ina kelele.