Mtoto Ananyonya? Na Mama Je?

Makamanda, shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa kidato cha tano. Nikarudi nyumbani Lushoto, nikamkuta dada yangu ana kichanga cha wiki mbili. Kwetu mzazi hukaa ndani siku 40, na wanawake wa jirani hupokezana kumchotea maji, kumpikia uji na kumbebea mtoto. Safari ile hawakuja. Kila mtu aliogopa corona.

Dada aliogopa zaidi. Alisikia eti mama mwenye kikohozi akinyonyesha anamuua mwanawe. Angemuuliza nani? Serikali ilitoa takwimu ya mwisho, wagonjwa 509, kisha ikanyamaza. Juni, Rais Magufuli akatangaza kuwa corona imekwisha. Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema wazi: mama anyonyeshe hata akiwa na virusi, avae barakoa na anawe mikono. Ujumbe huo haukutufikia kule mlimani. Dada akamwanzishia mtoto uji kabla hajafikisha miezi miwili.

Sisi tukamwitaje? Mvivu. Usiku alikuwa analia, halali hata mtoto akilala. Kliniki wakampima mtoto uzito, wakamgombeza mama kwa ule uji, basi. Hakuna aliyemuuliza yeye anajisikiaje. Hata mimi sikumuuliza, na hilo bado linaniuma.

Leo najua kuna ugonjwa unaitwa sonona baada ya kujifungua. Si uvivu, si mapepo. Upweke na hofu huuchochea. Mama aliyezama humo hupata shida kunyonyesha, na ukimlaumu kwa kutonyonyesha unamzamisha zaidi.

Darasani tunasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 33 kinampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Safi. Lakini dada yangu analima kabichi. Mwajiri wake nani, jembe?

Kinachomfikia mkulima ni kliniki. Basi tuanzie hapo. Yapo maswali 10 ya Edinburgh, yaliyotungwa 1987 kwa ajili ya kumtambua mama mwenye dalili za sonona. Huchukua kama dakika tano. Hayahitaji mashine wala umeme. Siku mtoto anapowekwa kwenye mzani, mama naye aulizwe, na aliyezidiwa apelekwe kwa mtaalamu. Milima hii hii ya Usambara ina hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, yenye zaidi ya miaka 100. Aibu ya nini?

Na sisi tujisahihishe. Tulidai takwimu za corona, na tulikuwa sahihi. Ila sikumbuki tukimtaja mama mzazi hata mara moja. Kikao kijacho cha tawi nitasimama kudai maswali haya yaingie kwenye ilani yetu. Nawe simama kwenu. Lakini kabla ya kikao, pita kwa jirani aliyejifungua. Mchotee maji, kisha muulize: umelala?